Boneti Iliyofungwa

Treni ilikuwa haijamaliza kutoka kituo cha Sultan Hamud kabla Mzee Ndululu, aliyeketi kando yangu, hajamtambua Evanson, fundi aliyemshinda Jumamosi katika mbio za magari ya zamani, yale yanayoshindana mawili mawili kwenye barabara iliyonyooka.

"Hiyo Peugeot yako ni ya mwaka wa sitini na tano, lakini injini ni ya juzi!" alifoka. Behewa zima likageuka kusikiliza, maana hakuna aliyekuwa na gazeti.

"Mzee, sheria inasema gari la zamani. Injini haikutajwa."

"Basi kamati ya mbio iwatengee kundi lenu, nyinyi wa mwili wa mzee na moyo wa kijana!"

"Nimewaomba mara mbili! Wananiambia gari moja si kundi. Nishindane na kivuli changu?"

"Na mchungaji alipoombea magari kabla ya mbio, mbona sisi wote tulifungua boneti, wewe ukafunga?"

"Mungu anaona hata boneti ikifungwa."

"Mungu aliona! Kamati ndiyo haikuona!"

Mama mmoja akasema amina. Treni ikasimama Emali, Evanson akashuka. Mzee akamfuata akimnyooshea kidole, ingawa tiketi yake ilikuwa ya Makindu, na kapu lake lilikuwa bado miguuni pangu.