Resi Iliyolegezwa

Bajaji ya Mlingotini hupakia watatu nyuma, na sikukuu ile nilibahatika kukaa katikati, penye kusikia ya watu. Kushoto dada mwenye sahani ya vileja, kulia kijana aliyepakata helmeti.

"Kaka, nawe unakwenda kwenye mashindano ya kuruka matuta kwa pikipiki?" dada akauliza.

"Ndiyo. Una mtu wako pale?"

"Mume wangu, Mtoro. Hivi akishafika hewani, anaishikaje?"

"Tairi la mbele likiinuka mno, anagusa breki ya nyuma, linashuka. Likiinama, anavuta resi, linapanda. Kule juu hakuna kingine cha kushika, dada, labda mkia wa kunguru."

Nilicheka peke yangu.

"Na resi ikiwa nzito kuitika?"

"Atatua kwa uso. Kwani vipi?"

Dada akaikumbatia sahani. "Nimemkataza kuruka, hasikii. Jana nikambembeleza fundi aulegeze waya wa resi kwa siri. Nilidhani akienda polepole hataumia."

"Lahaula! Mpigie sasa hivi!"

Akapiga. Simu ikalia ndani ya mkoba wake mwenyewe.

"Kaniachia," akasema, akiitoa mkobani. "Alihofia itavunjika akianguka."

"Dereva, kanyaga!" tukapiga kelele wote, hata mimi nisiyehusika.

Bajaji iliposimama dada alikwisharuka chini, vileja vinamwagika nyuma yake, anapenya umati huku akiita. Mbele, kipaza sauti kilikuwa kinamkaribisha Mtoro.