Sista Mbithe na Mfungo wa Sauti wa Mbumbuni

Baada ya miaka thelathini na tatu ya kazi, muuguzi wetu Sista Mbithe Nthiwa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Mimi nimeandikisha wagonjwa kando yake katika kliniki ya masikio, pua na koo kwa miaka kumi na sita, na nimeombwa niandike machache. Machache, kwa Sista Mbithe? Haya, Mungu anisaidie.

Alianzia Tseikuru mwaka 1992, zahanati ya vyumba viwili, maji yakiletwa na punda. Huko ndiko alikozoea kumuuliza mgonjwa swali moja kabla ya kummulika koo: kutwa nzima unaongea na nani? Mwalimu wa watoto themanini alikuwa na jibu lake, na muuza mbuzi wa siku ya soko naye alikuwa na lake.

Mke mmoja kijana kutoka Nuu alikuwa amenong'ona miaka mitatu mbele ya baba mkwe, ile heshima tunayoiita nthoni, hadi sauti ikakataa kutoka hata kanisani. Sista hakumwambia aache heshima. Alimfundisha kuongea chini lakini wazi, maana kunong'ona kunachosha koo. Baba mkwe mwenyewe alituletea kuku! Kumbe miaka hiyo yote alidhani amepata mkamwana wa kununa.

Lakini la Pasta Mbuvi wa Mbumbuni ndilo linalonigusa zaidi. Ni mchungaji wangu, na yeye mwenyewe hulishuhudia waziwazi. Mwaka 2019 sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa miaka miwili, na sisi tulifurahi! Kwetu mhubiri akikauka sauti tunasema upako umeshuka. Nilikuwa naketi kiti cha mbele nikimwitia, "Ongeza, mtumishi!" naye anaongeza. Tulikuwa tunamuumiza na hatujui.

Alipokuja kliniki hatimaye, daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Pasta alitakiwa anyamaze kabisa wiki mbili, kisha ajifunze kuongea upya, la sivyo sauti ingeweza kupotea. Akakataa. Mkutano wa injili ulikuwa umebaki wiki sita, na aliogopa washirika waseme Mungu amemwacha. Aliondoka hata kadi ya kliniki hakuchukua.

Sista Mbithe hakumfuata na vitisho. Alimpigia mke wa pasta, wakaongea wote watatu, na Jumapili, kwa ruhusa ya pasta mwenyewe, akasimama mbele yetu kanisani. Alituuliza kama tunajua kufunga. Tukacheka, nani hajui kufunga?

"Basi mtumishi afunge sauti siku kumi na nne," akasema, "na nyinyi mfunge kelele pamoja naye."

Mzee Ndolo akauliza kutoka nyuma, "Sista, hawa akina mama utawaweza?" Akina mama wote wakageuka, wakamtazama kimya, hadi akaketi mwenyewe.

Siku kumi na nne pasta aliongea kwa daftari na kalamu. Tuliimba bila spika. Baadaye alikuja kliniki kila Jumanne, Sista akimfundisha kupumua kwa tumbo, kama mtoto mchanga. Mkutano ulipofika akahubiri dakika ishirini, sauti laini, safi. Nikiri tu, wengine walianza kutazamana: moto umezimika? Ndipo Mama Nduku, mkongwe wetu, akainuka na fimbo yake: "Miaka miwili nimekuwa nikisema amina bila kusikia. Leo nimeshika kila neno!" Watu kumi na wanane waliokoka siku hiyo. Pasta alilia, na mimi nikalia naye.

Sasa kwaya nyingi za huku zinapasha sauti na kunywa maji kabla ya kuimba, na wahubiri wanakuja kliniki wenyewe, bila aibu. Ijumaa hii Pasta Mbuvi ndiye atakayetuombea. Sauti anayo!

Sista Mbithe, asante kwa kutusikiliza sote. Mungu akujalie mvua kwenye ndengu zako, afya mwilini, na wajukuu wa kuzungumza nao hadi uchoke. Nenda kwa amani, mama yetu.