Nyani wa Pwani

MARIUXI: Haloo? Ni Mwalimu Nube huyo?

NUBE: Ndiye. Naongea na nani mwenzangu?

MARIUXI: Mariuxi, mama Dayra. Habari za Jumapili.

NUBE: Njema, mama Dayra. Za nyumb—

MARIUXI: Mbaya. Tangu juzi mtoto hataki ndizi. Sisi watu wa pwani, wa Guayaquil, asubuhi bila ndizi tutakula nini? Namuuliza, ananiambia ndizi chakula cha nyani, na mwalimu kasema sisi ni nyani.

NUBE: Aa, hapana, hiyo—

MARIUXI: Nyinyi wa milimani mnatuita hivyo miaka nenda miaka rudi. Nyani wa pwani. Nikadhani huku visiwani Galápagos nimelikimbia hilo neno. Kumbe linafundishwa darasani.

NUBE: Nisikilize basi. Lilikuwa somo la ndege. Niliwapa vibanio na vijiko, kama midomo ya ndege, waokote mbegu. Ndege mwenye mdomo unaofaa anashiba, anazaa, watoto wanarithi mdomo wake. Hivyo hivyo, vizazi na vizazi, ndege wanabadi— [mkwaruzo]

MARIUXI: Na ndege sina ugomvi. Nyani wameingiaje?

NUBE: Dayra ndiye aliyeuliza. Nikawaambia watu na nyani wana bibi mmoja wa zamani sana. Watu wote, mama. Hata sisi wa milimani, wa Cuenca.

MARIUXI: Hata wewe?

NUBE: Hata mimi.

MARIUXI: Mh. Mtoto wa miaka sita anafundishwa ndege, anauliza nyani. Kwa nini?



NUBE: Kuna mwenzake alimwita hivyo uwanjani. Akalia. Nikaona bora niwaeleze wote kwamba—

MARIUXI: Mwanangu alilia, na hukuniambia.

NUBE: Nilikuwa nakuja kukuambia.

MARIUXI: Lini? Mtoto wa nani huyo?

NUBE: Mama Dayra, watoto ni—

MARIUXI: Kesho simleti shule, wala keshokutwa, mpaka nimjue.

[mkwaruzo]

NUBE: Doménica.

MARIUXI: Doménica yupi? ... Wako?

NUBE: Nimemkanya. Sana.

MARIUXI: Doménica kazaliwa hapahapa kisiwani. Hata hiyo milima hajaiona. Neno hilo kalitoa wapi?

NUBE: Mtandao unakata—

MARIUXI: Mimi nakusikia vizuri. Kalisikia kwa nani?

NUBE: Mama Dayra, salio langu linaisha, tutaonge—

MARIUXI: Mimi ndiye niliyepiga, mwalimu.