Attracta Feehily, Sikio la Knockbeg

Ijumaa ya tarehe 27 Septemba 2024, saa kumi na moja jioni, Attracta Feehily atavua hedifoni zake na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia Knockbeg Filamu kwa miaka thelathini na mitatu akiwa fundi sauti. Katika muda huo amefanya kazi kwenye filamu ishirini na sita, amechakaza magari mawili ya ofisi, na amenikatalia mimi, mwongozaji wake, mara nyingi kuliko mama yangu mzazi. Nadhani ndiyo maana wenzangu wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu.

Alizaliwa Geevagh, kaunti ya Sligo, mwaka 1959. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akitengeneza redio na televisheni katika duka moja la Ballymote. Mwaka 1991 nilimpelekea kinasa sauti kilichoingia maji ya mvua. Alinirudishia kikiwa kizima, pamoja na kanda iliyokuwa ndani yake, ambayo alikuwa ameisikiliza yote bila kuniomba ruhusa. Akaniambia, "Kazi yako nzuri, bwana, ila sauti ni ovyo. Huyu mama anasema jambo kubwa, na mimi nasikia friji." Jumatatu iliyofuata alikuwa kazini.

Kwa wageni wetu wa leo, Knockbeg ni vyumba vitatu juu ya duka la ndoana na nyuzi za kuvulia samaki, Sligo mjini. Hatuna kampuni kubwa nyuma yetu wala hatujawahi kuwa nayo. Tunatengeneza filamu kuhusu mambo ambayo watu wa hapa huyasema kwa kunong'ona, au hawayasemi kabisa: mwanamke aliyezaa kabla ya ndoa akanyang'anywa mtoto, mkulima wa miaka sitini asiyejua kusoma, kijana mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinyozi alimwambia kuwa kiti kimevunjika. Unyanyapaa ni mwingi Ireland, kwa hiyo kazi haijawahi kutuishia.

Jikoni mwa watu, jambo la kwanza Attracta alilofanya ni kuzima friji ili mngurumo wake usiingie kwenye kanda. Ili asisahau kuiwasha tena, aliweka funguo za gari lake ndani ya friji hiyo. Akili nyingi hiyo, mpaka siku moja ya Desemba kule Tubbercurry alipoondoka kwa gari langu. Funguo zilikaa ndani siku tatu, friji imezimwa, bata mzinga wa Krismasi akiwa humo humo. Attracta alinunua mwingine, akampeleka mwenyewe, akakaribishwa mezani, na familia ile inamwalika kila Krismasi hadi leo.

Kisha kulikuwa na ile dakika yake ya ukimya. Kila baada ya mahojiano alitusimamisha wote, wenyeji na sisi, tusitikisike, anase ukimya wa chumba ili nipate cha kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Kwa watu wa kaunti hii, dakika moja bila kusema kitu ni adhabu. Bibi mmoja wa Gurteen alivumilia sekunde ishirini, kisha akauliza kama kuna mtu angependa yai.

Lakini jambo lililomfanya Attracta awe Attracta ni sheria yake. Filamu haitoki nje mpaka mhusika aitazame kwanza jikoni kwake, pamoja na kila anayelala chini ya paa lile, na mmoja wao akisema hapana, basi ni hapana. Aliileta mwaka 1993, baada ya msichana mmoja aliyeongea nasi kugundua kuwa baba yake ameijua siri yake ukumbini, filamu ikionyeshwa mbele ya majirani. Msichana alihama wiki ile ile. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza nyumbani wanajua nini. Hata hivyo sheria ile niliichukia kwa miaka mingi, wala sioni haya kusema.

Niliichukia zaidi mwaka 2000. Tulikuwa tumemaliza filamu kuhusu watu waliowahi kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya kaunti, ile iliyojengwa kilimani, ambayo hakuna aliyeitaja kwa jina. Watu walisema tu "kule juu," tena kwa kuinua kidevu. Moyo wa filamu ulikuwa Jarlath Brehony, mpeleka barua wa kijiji cha Drumkeelin, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Akiwa na ishirini na minne alilazwa kule juu miezi saba.

Mama yake, Bi Philomena, alikitangazia kijiji kuwa mwanawe kaenda Coventry, Uingereza, kufanya kazi kiwandani. Uongo ukishasemwa unataka matunzo. Asingeweza kumwandikia hospitalini moja kwa moja, maana Bi Dympna Kilgallon wa posta angeona anwani. Kwa hiyo alizituma barua kwa dada yake aliyekuwa akiishi Coventry kweli, na dada akazibandika stempu ya Malkia na kuzirudisha Ireland, hospitalini. Barua ya maili kumi na moja ilichukua siku tisa. Majibu ya Jarlath yalizunguka njia hiyo hiyo. Aliporudi nyumbani aliambiwa amekonda, Waingereza hawajui kupika, na habari ikaishia hapo kwa miaka ishirini na tisa.

Tulipowaonyesha filamu jikoni kwao, Bi Philomena, aliyekuwa na miaka themanini na mmoja, alizima televisheni baada ya dakika kumi.

"Mgongo wake muonyesheni," akasema. "Uso hapana."

"Kwa uso huu huu nabisha milango mia nne, mama," Jarlath akajibu. "Nimechoka kuwa mtu aliyekwenda Coventry. Hata kuiona sijaiona."

"Nimesema hapana. Chai iko mezani."

Jarlath alisema kama ni mgongo tu, basi aondolewe kabisa, na bila Jarlath filamu isingekuwepo. Tamasha la filamu la Galway lilikuwa limeshaikubali, tulikuwa tumebakiza wiki sita. Nikiwa garini nilimwambia Attracta kwamba Jarlath ni mtu mzima, ameweka sahihi, mama hana kura. Asubuhi nilikuta kabati la kanda za sauti liko tupu. Alikuwa amezipeleka zote kwake.

"Picha ni zako, Colman," akaniambia kwenye simu. "Waonyeshe Galway mtu anayefungua mdomo."

Siku nne hatukuongea ila kuhusu mvua. Nilikuwa na hasira ya kweli, na nyumbani nilimwita majina ambayo hayafai kwenye karatasi hii. Yeye, siku ya tano, alikwenda Drumkeelin peke yake mchana, Jarlath akiwa kazini, na kinasa sauti kwapani. Hakubeba picha hata moja. Alimwomba Bi Philomena asikilize dakika nne tu, akamvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akabonyeza.

Sauti ya Jarlath inasema hivi, naijua kwa moyo: "Barua zake nilizitambua kabla sijafungua. Nilikuwa nasema, masikini mama yangu, anapata tabu yote hii ili nikitoka nipate pa kurudi. Sikumkasirikia hata siku moja. Ila nilitamani aje."

Bi Philomena aliomba kuisikia tena. Ilipokwisha hakuzivua hedifoni.

"Hajawahi kuniambia," akasema.

"Ulimwuliza, mama?"

"Sikumwuliza." Akamimina chai. "Basi muonyesheni huo uso. Lakini hapa kwanza, kwenye ukumbi wa parokia. Watu wa Galway wakinisema mimi nitawasikia wapi? Kama ni kusemwa, nisemwe na watu wangu, nikiwa nimekaa mbele."

Jumapili baada ya misa ya pili, ukumbi wa Drumkeelin ulijaa. Bi Philomena alikaa mstari wa kwanza kando ya mwanawe, amevaa koti lake la mazishi. Attracta alisimama pembeni na maikrofoni yake, kwa kuwa nilitaka kunasa makofi. Filamu ikaisha, taa zikawashwa, hakuna aliyepiga kofi hata moja. Nilitazama viatu vyangu. Nilidhani tumemuua yule mama.

Kisha Bi Dympna Kilgallon, yule wa posta, alisimama kwa fimbo yake.

"Philomena," akasema, "kaka yangu Festus alikuwa kitanda cha pili kutoka kwa Jarlath. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Wewe ulikuwa unanunua kwangu stempu za barua za Coventry, na mimi nilikuwa nakwambia Festus yuko Boston. Miezi saba tumetazamana juu ya kaunta ile, wanawake wawili wapumbavu. Tungeweza kupanda basi moja kwenda kuwaona."

Bi Philomena aligeuka kwenye kiti. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini wewe hukuniambia?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaanza kulia hapo hapo. Kisha wengine wakasimama, kila mmoja akimtaja wa kwake aliyelazwa kule juu. Mke wangu, mama yangu, mjomba wetu, miaka miwili, miaka kumi na mmoja. Niliwahesabu tisa. Baada ya wa tisa, Attracta aliegemeza maikrofoni ukutani, akavua hedifoni, akasema kwa sauti yake ya kawaida kama anayeagiza mkate, "Baba yangu, Dominic Feehily, alifia kule juu mwaka 1969. Nyumbani tulisema alifia Liverpool, alianguka kwenye ujenzi."

Miaka tisa tulikuwa tumekula sandwichi katika gari moja, na sikujua. Nilikuwa nimemwita mkaidi, mwoga, mvivu wa kuamua. Aliyekuwa akiwalinda wale watu jikoni mwao alikuwa msichana wa miaka kumi aliyefundishwa kusema Liverpool.

Alifanya kama sheria yake inavyotaka. Alikwenda Geevagh kumwuliza mama yake, Bi Nonie, kama kifo kile kitangazwe wazi, na alimwuliza majuma mawili mfululizo. Mwisho Bi Nonie alisema hofu yake kubwa ni sandwichi, watu wakija wote atawalisha nini. Siku ya Ijumaa, katika matangazo ya vifo ya redio ya kaunti, baada ya majina ya wiki ile, kila jiko lilisikia haya: "Familia ya Feehily ya Geevagh inasikitika kutangaza kifo cha Dominic Feehily, fundi wa paa, kilichotokea tarehe 4 Novemba 1969 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya kaunti. Familia inaomba radhi kwa kuchelewa kutangaza. Nyumba itakuwa wazi kwa wanaotaka kutoa pole, Jumapili kuanzia saa nane mchana."

Filamu ilikwenda Galway na ikarudi na tuzo, na nyingine saba zimefuata, zimo kabatini ofisini, nendeni mkazitazame. Jarlath alifanya kazi ya barua hadi alipostaafu, na mama yake aliishi miaka minne zaidi akiongoza safari za basi kwenda kutembelea wagonjwa kule juu, yeye na Dympna, wakigombania kiti cha dirishani. Ninajivunia yote hayo. Lakini watu wakiniuliza fundi sauti wetu amefanya nini katika maisha yake, nawaeleza habari za Jumapili ile ya Geevagh.

Foleni ilitoka mlangoni, ikashuka uani, ikapita lango, ikafuata barabara. Kila mtu alikuja na sahani yake, nyama ya nguruwe, keki za zabibu, mayai, hata meza zikakosa nafasi. Bi Nonie alikaa kwenye kiti cha mfiwa sebuleni, Attracta kando yake, na wakapokea mikono saa tano nzima. "Pole kwa msiba, Nonie." "Pole kwa msiba." Maneno yale yale tunayopeana kila msiba, yamechelewa miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa mtu wa hamsini na tatu kwenye foleni. Mbele yangu kulikuwa na mzee aliyewahi kuezeka paa pamoja na Dominic, na alipofika aliushika mkono wa yule mama kwa mikono yake yote miwili.

"Nilijua, Nonie," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie nije."

"Ndiyo nimekwambia sasa," Bi Nonie akajibu. "Kaa, ule."

Attracta, kwa niaba ya Knockbeg na ya wote waliokufungulia majiko yao, ahsante. Pumzika vizuri, washa friji yako, na uishi siku nyingi za furaha na afya kule Geevagh, nyumbani kwa Dominic na Nonie Feehily.

Colman Devaney
Mwongozaji, Knockbeg Filamu