Msimamizi wa Mitambo Aliyebeba Pasi Zetu

Baada ya miaka thelathini na minne kiwandani, msimamizi wetu wa mitambo anastaafu tarehe 30 Juni. Wengine watamsifu kwa tuzo zake. Mimi, fundi waya aliyejifunzia kazi mikononi mwake, naandika jambo ambalo mpaka leo linaniacha mdomo wazi.

Mwaka wake wa nne, jenereta yetu kuukuu bado ilitoa mkondo mnyoofu, umeme unaokwenda upande mmoja tu. Kiwandani tulipima volti 220. Kwenye nyumba za wafanyakazi, kilomita mbili mbele, zilifika 140, na balbu ziliwaka nyekundu kama makaa. Msimamizi wetu, bwana mkubwa, akaamua tunaiba umeme. Aliingia kwetu mchana kweupe, akabeba pasi zetu za umeme, akatoa notisi familia kumi na moja zihame. Mke wangu akamwambia abebe na sufuria, huenda nayo inakula umeme.

Pasi zote zikafungiwa stoo. Balbu zikabaki nyekundu vilevile!

Alipigwa na butwaa. Akapanda ngazi mwenyewe, akapima nguzo kwa nguzo. Volti zilipungua hata pale pasipo na nyumba. Mwizi alikuwa waya wake: mkondo mkubwa uliupasha moto, umeme ukaishia njiani.

Dawa ilikuwa mkondo geu, unaokwenda mbele na kurudi nyuma, kwa sababu transfoma haifanyi kazi bila mkondo wa namna hiyo. Transfoma moja ikipandisha volti mara hamsini, hadi 11,000, mkondo hupungua mara hamsini, na hasara kwenye waya uleule hupungua mara 2,500. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Karibu na nyumba, transfoma nyingine huzishusha. Ndiyo maana gridi zilishachagua mkondo geu zamani, sisi tulichelewa.

Lakini yeye alijua mitambo ya zamani tu. Kubadilisha kulimaanisha kuweka cheo kando na kuwa mwanafunzi wa vijana waliosomea mkondo geu. Akakubali. Kabla ya hapo alipita nyumba kwa nyumba akichana notisi na kuomba radhi mbele ya watoto wetu. Pasi yetu ilirudi bila mpini, na hilo nililisema miaka mingi.

Mzee, kinyongo nimekitua. Hakuna familia iliyohama, na kitinda mimba wetu alizaliwa katika nyumba ile. Asante kwa kurudi kupima. Kapumzike kwa afya na furaha, na siku ukipita karibu, ingia. Safari hii tutakukaribisha wenyewe.