Oraha Yalda na Ukurasa Mmoja Uliobaki

Marehemu Oraha Yalda alizaliwa hapa Alqosh tarehe 14 Januari 1951, wiki ambayo theluji ilibomoa paa la zizi la baba yake. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Yalda Hormez na Maryam, na mvulana pekee. Dada yake mkubwa, Shmoni, aliyeandika wasifu huu, ndiye aliyembeba mgongoni.

Alisoma shule ya msingi hapa, na sekondari Mosul. Shmoni aliishia darasa la sita, ila kalamu anaijua. Mwaka 1970 Oraha aliingia chuo cha lugha Baghdad, akasomea lugha, isimu na fasihi. Bwenini hakuna aliyejua Kisureth chetu. Alikuwa akipanda ngazi anazihesabu kwa lugha ya mama yake, apate tu kuisikia.

Septemba 1973 alirudi na daftari na kinasa sauti, akawakuta kina mama wanachemsha ngano ya burghul, ile ya kuanikwa na kuparazwa.

"Hiki mnakiitaje?" akauliza.

"Ungo," akajibu mama Khatun. "Maskini Yalda, kamsomesha mtoto mpaka kasahau ungo."

Wakacheka hadi ngano ikaungua. Lakini Oraha alikuwa anakusanya maombolezo ya wanawake, na moja lilimshinda: la dada kumlilia kaka. Mama yao alimrithisha Shmoni peke yake, na kwetu halitamkwi ila kaka akiwa amelala mbele ya dada yake, amekufa.

"Niimbie, dada. Ni kazi ya chuo."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi nenda kamlilie mwalimu wako."

Kuanzia 1978 alifundisha isimu chuoni Mosul, ukiondoa miaka saba ya jeshi. Tarehe 6 Mei 1984 alifunga ndoa na Warda Israel, wakajaliwa Sargon na Mariana. Mwaka 1992 Warda alihamia Detroit na watoto. Oraha hakwenda. "Huko nitamuuliza nani?" alisema. Alikula peke yake miaka ishirini na sita, redio ikiwa mezani. Kitabu chake cha maombolezo kilitoka mwaka 2004. Ukurasa wa mwisho una jina tu la ombolezo la dada kwa kaka, chini yake peupe.

Novemba 2018 mapafu yalimzidi, akalazwa Dohuk. Wauguzi walimtunza vizuri, ila hawakujua lugha yake, akawa anamngoja Shmoni ili aongee. Alhamisi ya mwisho ya uhai wake alimwambia, "Dada, wanaolijua wameisha. Umebaki wewe. Ukifa nalo?"

"Sikuui kwa mdomo wangu," Shmoni akamjibu. "Kula supu."

Hakula. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, Shmoni akiwa bado njiani. Tangu alfajiri hiyo Shmoni anajiuliza kama ingekuwa dhambi kumnong'oneza hata ubeti mmoja.

Ameacha mjane, Warda, na watoto wawili, Sargon na Mariana, ambao hawakuwahi kufika mazikoni. Dada mmoja, Shmoni. Na mwanafunzi wake wa mwisho, Nahrin, aliyemfulia nguo hospitalini.

Mungu amlaze mahali patulivu, penye wa kuongea naye. Jeneza lisifunikwe kwanza. Shmoni atalitamka ombolezo lote, mara moja tu. Nahrin asogee karibu na arekodi, maana kaka mwingine Shmoni hana.