Mlango wa Kushoto

Swabaha: Haloo? Shikamoo, mama.

Naima: Marahaba. Lakini si mama mkwe, ni Naima.

Swabaha: (kimya)

Naima: Umekata?

Swabaha: Hapana, dada. Niliona namba ya mama.

Naima: Ndiyo maana nimeazima simu yake. Yangu huipokei tangu jana.

Swabaha: Ni mtandao. Huku Bugarama mpaka mtu apande juu, kwenye migomba ya baba, ndipo—

Naima: Na simu ya mama ikakukuta umeshapanda.

Swabaha: Ndiyo... ilinikuta huku. Mama hajambo?

Naima: Hajambo kwa sasa. Ila sindano zake za sukari ziko kwenye mtungi wa maji, uvunguni mwa kitanda. Friji limeharibika.

Swabaha: Limezima?

Naima: Lingezima lote ningejua ni umeme. Limekufa upande wangu tu. Maziwa yamechacha, nyanya zimelegea, ukiingiza mkono ni kama kabati la nguo. Wako unaganda mpaka mlango unatoa jasho.

Swabaha: Dada, mimi sipo hapo.

Naima: Sijasema upo.

Swabaha: Ila sauti yako inasema.

Naima: (anavuta pumzi) Hebu nikuulize taratibu. Kabla hujaondoka ulibonyeza vile vitufe vya mlangoni?

Swabaha: Sikubonyeza.

Naima: Hata kwa bahati mbaya?

Swabaha: Hilo ulishamwambia mama, kwamba usiku nakuzimia upande wako. Mama aliniambia siku ile ile, mbele ya Justina wa jirani.

Naima: Sikumwambia hivyo. Nilisema nadhani.

Swabaha: Haya.

Naima: Nimempigia fundi Gozbert. Yuko Biharamulo, barabara ina matope, hawezi kufika leo. Ameniambia nichomoe plagi, nisubiri, nirudishe. Nimefanya. Akaniambia nibane karatasi mlangoni nione kama mpira umelegea. Haujalegea. Tukalivuta kutoka ukutani, kijana wangu Haji na mimi, mgongo unaniuma hadi sasa.

Swabaha: Pole.

Naima: Mwisho akauliza upande wa kugandisha umejaa kiasi gani. Nikamwambia sijui, huo si mlango wangu. Alicheka hadi akakohoa.

Swabaha: Anacheka nini?

Naima: Anatucheka sisi. Na Khalidi. Unakumbuka mume wetu alivyolishusha? Akasimama sebuleni mbele ya mama, akasema mlango wa kulia wa Naima, wa kushoto wa Swabaha, na asifungue mtu wa mwenzake. Akajiona ametenda haki. Aliona milango miwili, akaona wake wawili.

Swabaha: Nawe ulishukuru. Wa kwako mpana.

Naima: Nilishukuru. Sasa fundi anasema friji ni moja. Baridi yote inatengenezwa upande wako, huko nyuma. Feni ndiyo inaisukuma, inapita kwenye tundu la juu, ndipo inanifikia mimi. Ukijaza vitu mpaka ukaziba, mimi napata joto. (mtandao unakoroma) Umesikia?

Swabaha: Nimesikia... tundu la juu.

Naima: Kwa hiyo nifungue.

Swabaha: Usifungue, dada.

Naima: Kwa nini?

Swabaha: Mna vitu vyangu tu.

Naima: Vitu gani vinavyofungiwa kwa mtandio? Mpini umeuzungushia mtandio na mafundo mawili. Nimeyaheshimu tangu ulipoondoka, ila nimeyatazama sana.

Swabaha: Ziweke sindano kwangu basi. Penyeza mkono tu, usitazame.

Naima: Zikiganda zimeharibika. Na nipenyeze mkono bila kutazama, kwani mna nyoka?

Swabaha: Uko na nani hapo?

Naima: Peke yangu. Mama amelala.

Swabaha: Hujaweka sauti ya juu, Justina asikie?

Naima: Sijaweka.

Swabaha: Mbona nasikia mwangwi?

Naima: Kichwa changu kimo ndani ya friji. Upande wangu. Natafuta hilo tundu.

Swabaha: (anacheka kidogo)

Naima: Swabaha, niambie kabla sijaona kwa macho yangu. Ni nyama? Khalidi alikuletea mguu wa mbuzi, mimi nikapewa salamu?

Swabaha: Hakuniletea kitu.

Naima: Au umeniwekea dawa humo. Watu wanasema mengi.

Swabaha: Dada. Mimi nikuwekee dawa kwenye friji lenye chakula cha mama?

Naima: Basi nipe ruhusa. Ni yeye tunayemzungumzia.

Swabaha: Toa ya juu tu. Yaliyogusa ukuta wa nyuma. Ya chini yaache.

Naima: Nafungua fundo. Umelikaza kama la kufungia mzigo wa pikipiki. (mlango unanata, kisha unaachia) Eh. Makopo. Makopo ya siagi, mpaka dari.

Swabaha: Toa hayo ya juu, funga.

Naima: Yana uzito. Hili lina... hii ni ndizi na maharage. Imepikwa.

Swabaha: Funga, dada, baridi inatoka.

Naima: Hili mchuzi. Hili tena ndizi. Haya yenye uzi mwekundu ni ya nini?

Swabaha: Ya mama. Hayana chumvi.

Naima: Yote haya?

Swabaha: Na uji wake umo pembeni, kwenye mifuko. Hauna sukari.

Naima: (friji linaanza kulia, tii, tii, tii) Swabaha.

Swabaha: Abee.

Naima: Uliaga kwamba unakwenda kumwona baba yako mgonjwa. Ulale, urudi.

Swabaha: Ndiyo.

Naima: Anayekwenda kulala mara moja hapiki hivi.

Swabaha: Funga mlango, linalia.

Naima: Acha lilie. Ulipika lini? Ndiyo maana jiko lako lilikuwa halizimi, nami nikadhani unapika vitumbua vya kuuza kwa siri. Baba yako anaumwa kweli?

Swabaha: Aliumwa. Amepona.

(sauti ya mbali upande wa Bugarama: Fransiska, we Fransiska, njoo mara moja)

Naima: Nani huyo Fransiska?

Swabaha: Wananiita mimi.

Naima: Si jina uliloliacha siku ya ndoa?

Swabaha: Baba hakuwahi kuliacha. Dada, salio la mama litaisha.

Naima: Likiisha liishe. Haya makopo ni nini?

Swabaha: Ni zamu zangu. Siku za kupika kwangu. Sikutaka zikuangukie wewe, halafu useme... halafu mtu aseme nimeziacha.

Naima: Mpaka lini?

Swabaha: Mpaka mzoee kukaa bila mimi.

Naima: (friji linazidi kulia, tii, tii, tii)

Swabaha: Dada, funga.

Naima: Khalidi anajua?

Swabaha: Khalidi yuko Biharamulo na mizigo yake. Anajua bei ya saruji.

Naima: Nimefunga. Subiri, nyamaza kwanza. Feni inavuma. Niko kwenye mlango wangu sasa, mkono uko kwenye tundu. Inakuja. Kidogo, lakini inakuja.

Swabaha: Alhamdulillahi. Sindano ziweke rafu ya katikati, zisikae mbele ya tundu.

Naima: Nimeweka katikati. Mimi nilidhani unaninyima, Swabaha. Kila maziwa yalipochacha nilikutaja wewe.

Swabaha: Najua. Ukuta wa jikoni kwetu ni mwembamba.

Naima: Kumbe ulisikia na ya jikoni. (mtandao unakoroma) ...niambie basi, nifanyeje na haya niliyotoa? Yameanza kuyeyuka mezani.

Swabaha: Yaleni leo.

Naima: Nile zamu ya mtu ambaye hayupo?

Swabaha: Dada, usi—

Naima: Nauliza tu. Na mtandio wako nimeuloweka. Nitauanika. Atakayeuanua simjui.

Swabaha: (anafuta pua)

Naima: Unalia?

Swabaha: Ni upepo wa huku juu.

Naima: Haya. Kuna magari ya kuja Ngara mjini asubuhi?

Swabaha: Magari yapo kila siku.

Naima: Simu inapiga kelele, salio ndilo hilo linaisha. Sikiliza, haya ya mama yenye uzi mwekundu nitayapasha mimi jioni. Nitayatia chumvi kidogo, hivi hivi hayatamshuka.

Swabaha: Chumvi? Dada, usitie chumvi, mama ana presha. Na usiyapashe kwa mkaa mkali, yanashika chini.

Naima: Basi nitakoroga na mafuta.

Swabaha: Hata mafuta hapana. Yanapashwa juu ya maji, polepole. Leo mpe uji tu. Hayo yarudishe ndani kabla hayajalegea, chini, mbali na tundu. Usiyaguse. Kesho nitampashia mwe—

(simu imekatika)